Usimsomee Njia

Jumanne jioni, jua likiwa linazama nyuma ya vilima vya chokaa, nilipitia duka la fotokopi kuchapa ratiba ya safari. Ukurasa mmoja, pande zote mbili. Ningeweza kumtumia Mama kwenye simu, lakini Mama haamini simu. Husema simu ikizimika na safari imezimika. Basi mimi, mwalimu wa takwimu chuo kikuu, ambaye kutwa huwaeleza watu kwamba wanachokiogopa hakina uzito wa namba, nikapanga foleni nikachapa karatasi ili mama yangu alale usingizi.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku mbili. Ijumaa jioni tunatoka kwetu Ipoh kwa basi hadi uwanja wa ndege, Jumamosi alfajiri tuko Hong Kong, Jumapili usiku tumerudi. Nilipanga mpaka mahali pa kula bata bukini wa kuchoma na upande wa kukaa kwenye kivuko cha bandarini ili Mama aone majengo ya ujana wake. Lakini hayo yalikuwa mapambo. Kiini cha ratiba kilikuwa mstari mmoja.

Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi na moja: Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa Suk Fan ni dada wa pekee wa mama yangu. Ana miaka themanini na moja, yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa Kowloon, na wageni huruhusiwa Jumamosi tu, kwa saa mbili hizo. Moyo wake umechoka. Muuguzi aliniambia bila kuzunguka: msingoje mwaka mpya. Mama hakuwa amemwona dada yake kwa miaka thelathini na minane.

Haikuwa kwa sababu ya umbali. Ilikuwa kwa sababu ya Bibi.

Bibi, mama mzaa baba, alikuwa anaugua kwa ratiba. Mara tatu Mama alikata tiketi, na mara tatu, siku ya kuamkia safari, Bibi alianguka. Kifua. Kizunguzungu. Kifua tena. Mama alirudisha tiketi, akaketi hospitali akimpozea mkwewe uji wa mchele kijiko kwa kijiko. Mara ya tatu nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nikachungulia dirisha la wodi kabla sijaingia. Bibi alikuwa amekaa kitako anatafuna biskuti huku anatazama tamthilia. Aliponiona, akalala.

"Mke akishavuka bahari kuja kuolewa," alikuwa akisema, "bahari imefungwa."

Alikufa mwaka jana. Sitajifanya: siku arobaini na tisa za matanga nilizihesabu kama mfungwa. Zilipokwisha nikaanza kupanga safari.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa sebuleni mbele ya meza ya marehemu, kama kila jioni. Picha ya Babu, picha ya Baba, picha ya Bibi. Vijiti vitatu vya udi mkononi, vimeshika moto.

"Imetoka?" akauliza bila kugeuka.

"Imetoka. Nimeandika njia nzima, mpaka ya kwenda chooni."

"Basi nisomee. Polepole. Miwani yangu iko jikoni."

Nikasimama kando yake, nikasoma.

"Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, tunatoka mlangoni. Tunapinda kushoto. Tunapita soko la samaki. Tunavuka daraja la mto Kinta. Tunapinda kulia, tunapanda basi..."

Kwa kila kituo Mama aliitikia "ehe", akiinamisha kichwa na vile vijiti. Nikanogewa. Nikasoma ndege. Nikasoma bahari. Nikasoma hoteli na namba ya ghorofa.

"Saa tisa, tunaingia lango la nyumba ya wazee. Tunapanda ngazi. Kitanda cha tatu..."

"Dada."

Alikuwa Weng Kit, mdogo wangu, mlangoni, viatu mkononi. Hakuwa anacheka, na yeye hucheka hata msibani.

"Unafanya nini?"

"Namsomea Mama ratiba."

"Umesimama mbele ya nani?"

Nilikuwa nimeshaelewa.

Siku tuliyomzika Bibi, Weng Kit ndiye aliyeshika udi kumrudisha nyumbani kutoka makaburini, kwa kuwa ndiye mjukuu wa kiume. Mfu hajui njia. Huambiwa. Kila kona, kila daraja, kila mlango, mshika udi hutamka kwa sauti: Bibi, tunavuka. Bibi, tunapinda. Ndivyo anavyofuata, hatua kwa hatua, hadi anapowekwa kwenye picha yake. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Nami nalijua. Kosa langu halina utetezi.

"Umempa njia mpaka kitandani kwa Mama Mkubwa," Weng Kit akasema. "Hongera, Daktari. Na ghorofa umemtajia."

"Ni karatasi tu, Kit."

"Ni udi, dada."

Mama alivichomeka vijiti kwenye chungu cha majivu. Tukavitazama, sote watatu. Viwili viliungua haraka, kama vinavutwa na pumzi ya mtu. Cha tatu hakikusogea.

Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba huo ni mkosi, dalili ya msiba. Mama akafunga dirisha, ingawa hapakuwa na upepo.

"Tule," akasema.

*

Alhamisi saa nne asubuhi nilipiga simu hotelini kuthibitisha chumba. Jua kali, chai mezani, hakuna cha kutisha popote. Binti wa mapokezi alikuwa mchangamfu.

"Tumesharekebisha, dada. Watu watatu."

"Wawili."

"Yule bibi alipiga mapema leo. Alisema watatu. Kitanda cha karibu na mlango kiwe chake, na dirisha lisifunguliwe." Akashusha sauti. "Anakohoa sana, poleni. Tumemwekea na chupa ya maji moto."

"Alitaja jina?"

"Alisema unamjua. Alisema wewe ndiye uliyemkaribisha."

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwenye karakana ya Weng Kit. Nikamkuta chini ya gari, nikazungumza na miguu yake.

"Umepiga hoteli wewe?"

"Ningetaka kuvunja safari yenu ningeivunja usoni kwako." Akajivuta nje, uso umejaa grisi. "Nakwambia sasa hivi. Mama ana presha. Unamburuta kuvuka bahari ili ujisikie umemshinda maiti."

Iliuma, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

"Mkeo hodari wa kuigiza sauti," nikasema.

"Mke wangu hajawahi kumtaja Bibi kwa jema. Atamuigiza bure?" Akarudi chini ya gari. "Na siwapeleki kesho. Tafuteni teksi."

Jioni ile, nikishuka ngazi za nyumbani, nilikutana na harufu. Kafuri. Ile dawa ya kuchua ya chupa ndogo aliyojipaka Bibi magotini kwa miaka yote niliyomjua. Chupa zake nilizitupa mwenyewe.

Halafu, kutoka chumba kisicho na mtu...

Khm. Khm.

Ndivyo alivyokuwa akiita. Hakuwa na haja ya jina la mtu. Alisafisha koo, na anayetakiwa alikuja.

Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Hakugeuka.

"Naja, Mama," akaitika.

Kisha akasikia alichosema mwenyewe. Glasi ikamponyoka, ikavunjika kwenye sinki. Tukatazamana juu ya vile vipande, na maji yakaendelea kutiririka. Hakuna aliyeyafunga.

*

Ijumaa adhuhuri nikaenda kwa Bi Foong, anayeuza udi na karatasi za marehemu nyuma ya soko. Alinisikiliza huku anabangua mbegu za tikiti, macho kwenye televisheni.

"Umemsomea njia?"

"Nimesoma."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka kitandani."

Ndipo akanitazama. "Unafundisha nini wewe?"

"Takwimu."

Akatema ganda. "Basi tuseme uwezekano wake ni mkubwa."

Nilistahili. Nikangoja amalize kucheka.

"Kusoma ni kukaribisha," akasema. "Bado hajatoka. Atatoka mtakapotoka, ila mfu hafuati miguu. Anafuata maneno. Tokeni kimya. Asitamke mtu kona, asitamke mtu daraja. Mkifika ng'ambo ya mto hamjasema kitu, atachoka, atarudi kwenye picha yake."

"Na tukikosea?"

"Mmoja ashuke. Ashike udi, amrudishe kwa njia ile ile, amtajie kila kona. Asigeuke nyuma."

"Halafu?"

"Halafu nini? Wewe ukirudisha mgeni nyumbani unamwacha mlangoni? Atakaa naye." Akanisukumia vijiti vitatu na kiberiti. "Weka mkobani. Nyinyi wasomi hamkosi kukosea."

*

Saa kumi na mbili na nusu tulitoka. Hakuna aliyesema tunatoka.

Dereva wa teksi aliitwa Selvam. Nilishamwandikia ujumbe kwamba mama yangu ana kichwa kinamuuma, tafadhali asizungumze, na sauti zote azime. Akaitikia kwa kidole gumba, akazima redio. Mama aliketi nyuma pamoja nami, shati la bluu alilolipiga pasi mara mbili, mkoba katikati yetu. Ndani ya mkoba mlikuwa na biskuti za Ipoh, makopo mawili. Dada yake alizitamani katika kila barua.

Gari likapinda kushoto. Kimya.

Likapita soko la samaki. Kimya. Mama alikuwa amefumba midomo kama mtoto anayekataa dawa. Taa za barabarani zikawaka. Mto ukaonekana mbele, mweusi...

Mita mia mbili zaidi. Mia moja.

Simu ya Selvam, iliyobandikwa kwenye dashibodi ikionyesha ramani, ikazungumza.

"Mbele yako, vuka daraja."

Sauti ya kike. Tulivu. Pole kuliko ya mtu yeyote wa ukoo wetu.

"Izime," nikasema.

"Nilikuwa nimeizima, dada." Akabonyeza kioo. Akabonyeza tena.

"Vuka daraja. Kisha pinda kulia."

Ilisema kwa Kimalei. Ningependa kuwaambia kwamba Bibi hakujua Kimalei. Lakini alikaa Ipoh miaka sabini, na aliwatukana wauza samaki kwa lugha tatu.

Harufu ilikuja kwanza. Selvam akapandisha pua. "Nani amejipaka dawa?"

Kisha gari likazama kidogo upande wa nyuma, kama linavyozama mtu mzito anapoketi polepole, akihurumia magoti.

Mkoba uliokuwa katikati yetu ukateleza. Kiti kilikuwa kimebonyea.

Khm.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Mama aliokota mkoba wake, akaupakata, akajibana mlangoni.

Alimpa nafasi.

Tulikuwa tumeshamaliza daraja. "Simama hapo," nikamwambia Selvam, na akasimama kwa furaha.

"Turudi," Mama akanong'ona. Alikuwa anatazama magoti yake. "Turudi, mwanangu. Suk Fan ataelewa. Ameshazoea."

Neno hilo ndilo lililonitoa garini. Ameshazoea.

Nilimwekea karatasi ya ratiba mkononi. "Kila kitu kimo humu. Kituo cha basi, mlango wa ndege, gari la kukuchukua. Kusoma unajua. Isome moyoni tu."

"Na wewe?"

"Mimi nina mgeni."

Akanishika kifundo cha mkono. "Hakupendi."

"Najua. Hakuwahi kuficha."

Nikashuka, nikaufungua mlango wa upande wangu wazi kabisa kama anavyofunguliwa mzee. Nikawasha udi wa Bi Foong. Pikipiki zilikuwa zinanipigia honi, vijana wakinitazama, na mimi nina shahada tatu. Nikasema kwa sauti:

"Bibi. Tunashuka."

Hakuna kilichotokea.

"Bibi. Tunashuka. Gari hili si letu."

Gari likanyanyuka.

Selvam hakusubiri nifunge mlango vizuri. Niliona kichwa cha Mama kwenye kioo cha nyuma, kidogo, hakigeuki. Nilimshukuru kwa kutogeuka. Halafu nikauelekea mto.

"Bibi. Tunavuka daraja."

Kandambili. Nyuma yangu, hatua tano hivi. Kwap... kwap...

Nimewahi kusimama mbele ya majopo ya maprofesa wanaonichukia na sikutetemeka. Pale daraja lilikuwa fupi, na nilidhani haliishi. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe, kama ina mkono unaoivuta kidevuni. Nilikodolea macho moto wa udi. Nikaharakisha.

Kandambili zikasimama.

Nami nikasimama. Maji yalikuwa yanapita chini. Kisha, karibu sana na sikio langu...

"Polepole. Magoti."

Nikaenda polepole.

"Bibi. Tunapita soko la samaki." Muuza samaki mmoja alikuwa anamwaga barafu yake mtaroni. Alinyanyua uso kunisalimu, akatazama nyuma ya bega langu, akaweka ndoo chini.

"Bibi. Tunapinda kulia. Bibi, tumefika. Tunaingia mlangoni."

Nikachomeka udi mbele ya picha yake. Sikukaa kuangalia jinsi vijiti vinavyoungua. Nikaenda jikoni, nikapika uji wa mchele, kwa sababu khm ya kwanza ilikuwa imeshasikika.

*

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi, simu ya video ikaita. Mama. Nywele zimelala upande mmoja, macho mekundu, na uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mdogo mtu.

"Yin, tazama huyu," akaniambia. "Amekuwa mzee vibaya."

"Wewe umekuwa mzee mapema," ikajibu sauti nyembamba ya kitandani, na wote wawili wakacheka mpaka muuguzi akawahimiza wapunguze. Kopo la biskuti lilikuwa wazi juu ya blanketi. Makombo kila mahali. Nililia kidogo, sina aibu nalo.

Mama Mkubwa akataka kumwona mtoto wa mdogo wake. Mama akamgeuzia simu. Jicho lake moja lina mtoto wa jicho, la pili ni zima. Lile zima likanitazama vizuri, likatabasamu. Nikatabasamu.

Kisha likahama. Halikwenda mbali. Kando kidogo ya uso wangu, juu ya bega la kushoto. Likakaa hapo.

Tabasamu lake likaisha.

"Suk Ching," akamwambia mama yangu, taratibu, bila kubandua jicho. "Usirudi kwenye nyumba ile."

"Amechoka," Mama akaniambia haraka. Simu ikakatika.

Ndege ya Jumapili ilirudi bila Mama. Amepanga kitanda karibu na nyumba ile ya wazee, na muuguzi amemruhusu kuingia kila siku, wakati wa chakula, maana Mama Mkubwa hali mpaka alishwe na mdogo wake.

Weng Kit alikuja Jumatatu. Alisimama nje ya kizingiti, hakuvua viatu.

"Nilipiga hoteli," akasema. "Alhamisi ile, asubuhi. Nilitaka kuwafutia chumba." Akajikuna shingo. "Wakaniambia bibi ameshapiga."

Sijui kama nimwamini. Kit hupenda kumaliza yeye mazungumzo. Lakini alisimama pale muda mrefu, pua yake ikifanya kazi, macho yakienda mezani ambako palikuwa na vikombe viwili, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na utani.

"Unarudi lini chuoni?"

"Muhula ukianza."

Muhula umeanza wiki iliyopita. Nimewaandikia kwamba ninauguza.

Mama hupiga kila jioni. Hunieleza Mama Mkubwa amekula nini, amemtukana nani, wamekumbuka wimbo gani. Huku akizungumza mimi husikia honi za meli bandarini nyuma yake, na sauti yake imenenepa. Mwisho huuliza, kama kila mama wa kwetu anavyouliza:

"Umekula?"

"Nimekula."

Jana hakukata simu baada ya hapo. Nilimsikia anavuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya miaka thelathini na minane:

"Na yeye?"

Nikatazama bakuli lililokuwa mbele yangu, upande wa pili wa meza.

"Amekula," nikasema. "Anauliza utarudi lini."